Tusome Namba Kabla ya Kulipa: Kadi za Mtandao na Mfumo Huria wa Kompyuta

(Maneno yafuatayo yalisemwa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, kabla ya kujadiliwa kwa mfuko wa chumba cha kompyuta. Yanachapwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme "maneno machache ya kitaalamu" kuhusu ombi la shule. Nilipomjibu kwamba nitazungumza juu ya kadi ya mtandao, alinipigia simu kuuliza kama nina hakika. Nilimwambia ninayo hakika. Najua kuwa wengi wenu mlitarajia niseme habari ya maendeleo ya sayansi kwa jumla, au niwaase vijana wasome kwa bidii. Hayo watayasema wengine, tena kwa ufasaha kunizidi. Mimi nimekuja na jambo dogo, lenye ukubwa wa kidole gumba, ambalo liliwahi kuniaibisha, na ambalo laweza kuutia hasara mfuko wetu ndani ya mwezi mmoja tusipokuwa waangalifu.

Mnakumbuka hali ilivyo. Shule imeomba chumba cha kompyuta. Kamati imepata ahadi ya kompyuta 30 zilizokwisha kutumika maofisini. Kompyuta hizo si mbovu. Zimeachwa kwa sababu kampuni ya Microsoft ilikoma kuutunza mfumo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mfumo ulioufuata, Windows 11, unadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Pendekezo lililo mezani ni kuziwekea mfumo huria wa Linux, ambao hautozwi ada, kisha kununua kadi 30 za mtandao zisizotumia waya, kwa kuwa jengo la zamani ni la mawe na kulitoboa kuta si kazi nyepesi. Pendekezo hili naliunga mkono. Ninaomba tu tusilipe hata senti moja ya kadi hizo kabla hatujasoma namba, na sasa nitaeleza ni namba gani.

Nianze na kadi yenyewe. Kadi ya mtandao ni kipande cha kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na kompyuta nyingine, ama kwa waya ama kwa mawimbi ya redio. Nyingine imeshikizwa ndani kwenye ubao mkuu, nyingine huchomekwa kwa nje kama flashi. Katikati ya kila kadi kuna chipu, nayo ndiyo ifanyayo kazi. Plastiki, nembo na boksi lenye picha nzuri ni nguo tu.

Sasa chipu haijui lugha ya mfumo wa kompyuta, na mfumo haujui lugha ya chipu. Kati yao hukaa programu ndogo ambayo mafundi wetu huiita draiva. Wenzetu wa somo la lugha wataelewa nikisema kuwa draiva ni mkalimani. Mfumo unasema, "Peleka ujumbe huu". Draiva inageuza maneno hayo kuwa amri ambazo chipu ile, na chipu ile pekee, inazielewa. Mkalimani wa Kijapani hafai mbele ya Mreno hata awe hodari namna gani. Vivyo hivyo draiva ya chipu moja haifai kwa chipu nyingine, hata kama vifaa vyote viwili vimefungwa katika boksi la rangi moja.

Je, mfumo unajuaje ni mkalimani yupi wa kumwita? Hapo ndipo namba inapoingia. Kila chipu ya aina hii hubeba namba mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa yake. Kila moja ina nafasi nne za tarakimu au herufi. Kwa vifaa vinavyokaa ndani ya kompyuta, kampuni ya Intel hutambulika kwa 8086, yaani namba ile ile ya chipu yake mashuhuri ya mwaka 1978. Realtek hutambulika kwa 10ec, Broadcom kwa 14e4. Kompyuta inapowashwa, Linux huzisoma namba hizi, kisha hutazama katika orodha zilizomo ndani ya draiva zake. Ikiiona namba katika orodha, draiva ile huitwa na kadi huanza kazi, mara nyingi bila mtu kugusa kitu. Isipoiona, kadi hubaki kama mgeni aliyefika kwenye baraza asipokuwapo ajuaye lugha yake. Hakuvunjika mguu wala hana homa. Ila tu hakuna awezaye kumwelewa.

Yawezekana mtu akauliza, draiva hizo huandikwa na nani? Swali hili lina historia, na nitaipitia kwa kifupi.

Mwaka 1991 kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliutangaza mfumo aliokuwa akiuandika kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani. Aliwapa watu wengine maandishi ya programu hiyo waisome, waibadilishe na waigawe. Kiini cha mfumo kilikua upesi, lakini kila kifaa kilihitaji draiva, na watengenezaji wengi wa kadi walikuwa na draiva za Windows pekee. Kazi ikawaangukia watu wa kujitolea. Mmoja wao alikuwa Donald Becker, aliyekuwa katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani. Yeye aliandika draiva nyingi sana za kadi za waya za miaka ile ya 1990. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, za aina iliyokuwa ikiuzwa madukani, zikafanya kazi ya hesabu kwa pamoja. Waliuita mtambo ule Beowulf. Kadi za wakati ule zilikuwa za mwendo mdogo, basi wakagawa mizigo juu ya zaidi ya mtandao mmoja kwa kuzirekebisha draiva. Wasingeweza kufanya hivyo kama draiva zingekuwa kitabu kilichofungwa.

Kwa kadi za redio mambo yalikuwa magumu zaidi. Baadhi ya kampuni hazikutaka kutoa maelezo ya chipu zao. Kwa chipu nyingi za Broadcom, kwa mfano, watu wa kujitolea iliwabidi wajigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza lilichunguza jinsi draiva ya kampuni inavyoamuru chipu, likaandika maelezo. Fungu la pili, ambalo halikuiona draiva ile, liliandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo tu, ili pasiwe na shutuma ya kunakili mali ya mtu. Draiva yao iliingia katika Linux mwaka 2006. Wengine, kwa kukosa njia, walitumia programu iitwayo ndiswrapper, iliyoweza kuichukua draiva ya Windows na kuifanyia kazi ndani ya Linux. Dawa ya muda ambayo mara ilitibu na mara ilidhuru. Hatimaye kampuni zenyewe zilianza kubadilika. Mwaka 2008 Atheros ilitoa draiva huria ya chipu zake mpya, na Septemba 2010 Broadcom nayo ikafanya hivyo kwa baadhi ya chipu zake. Kwa upande wa kadi za waya, Intel ilikuwa imekwisha kuzoea kuandika draiva za Linux kwa wafanyakazi wake yenyewe.

Nimeyasimulia haya, ndugu zangu, ili ieleweke kwamba kadi kufanya kazi au kutofanya kazi katika mfumo huria si bahati nasibu. Inategemea kama mtengenezaji wa chipu alifungua mlango, au kama mtu fulani mahali fulani alikesha akiugonga. Na habari hiyo yote imefupishwa katika zile namba mbili.

Sasa niseme habari yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa shughuli za kompyuta katika ofisi moja ya Serikali. Tulikuwa na masijala yenye kompyuta 22, na mafaili yaliyokuwa yakihamishwa kwa mikono kutoka chumba hadi chumba. Tulikubaliana kuziunganisha. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza Linux. Nilikuwa nimeipenda tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile ambapo mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, mwaka 2004, na kwa mara ya kwanza tukaandika barua katika programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Nilijiona mjuzi. Nilikuwa na digrii, na digrii hiyo nilikuwa nimeitundika ukutani.

Chini yangu alikuwapo fundi kijana, mwenye cheti tu. Tulinunua kadi moja ya redio kwa majaribio. Aliichomeka, ikawaka, akavuta faili kutoka kompyuta ya jirani mbele ya macho yangu. Siku hiyo hiyo niliandaa oda ya kadi 22. Ilikuwa Juni, na ninyi mlio serikalini mnajua Juni ni mwezi gani: fedha isipotumika inarudi Hazina. Yule kijana alikuja mezani kwangu akasimama. Akaniambia, "Mkuu, kabla hatujalipa, tuwaombe watuoneshe namba iliyo nyuma ya kadi. Hizi zina matoleo."

Nilimjibu, na maneno yenyewe nayakumbuka: "Bwana, kadi ni kadi. Jina ni lile lile, boksi ni lile lile." Akasema, "Sawa, mkuu," akaondoka.

Kadi zilifika baada ya wiki mbili. Boksi lilikuwa lile lile kweli. Tulichomeka ya kwanza, haikuonekana. Ya pili, haikuonekana. Tulizijaribu zote 22 katika kompyuta tatu mbalimbali, na hakuna hata moja iliyotambuliwa. Ile ya majaribio iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Ndipo kijana alipozigeuza, akaniwekea mezani moja ya kale na moja mpya, nyuma zikitazama juu. Ya kale haikuwa na alama ya toleo. Mpya ilikuwa na maandishi madogo sana: toleo la 2. Ndani yake mlikuwa na chipu ya kampuni nyingine kabisa, na namba yake haikuwamo katika orodha yoyote ya Linux tuliyokuwa nayo.

Nilimwendea muuzaji nikiwa na hasira. Alitoa nakala ya oda yangu, akanionesha sahihi yangu. Akasema, "Uliandika jina. Jina ndilo nililokuletea." Hakukosea. Mtengenezaji pia hakuvunja sheria yoyote. Kampuni hubadili chipu kwa sababu ya bei au upatikanaji, na mtumiaji wa Windows hatambui, kwa kuwa draiva inayofaa ameipata pamoja na kadi. Jambo hili si la nadra. Wapo miongoni mwenu wanaoijua kadi ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo lake la 1 lina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux imeizoea kwa miaka mingi. Toleo la 2 lina chipu ya Realtek RTL8188EUS, yenye mkalimani mwingine. Jina kwenye boksi ni moja.

Kama kosa langu lingeishia hapo, nisingekuwa na mengi ya kusema leo. Lakini ilinipasa kuandika ripoti. Niliandika kurasa mbili. Katika ukurasa wa kwanza nilisema kuwa mfumo huria haujakomaa kwa matumizi ya ofisi. Katika ukurasa wa pili nilisema kuwa fundi aliyefanya majaribio hakuwa na ujuzi wa kutosha. Sikuandika mahali popote kwamba alinitahadharisha. Mpango ulifutwa. Kadi ziliwekwa kabatini. Kijana alihamishiwa kituo kingine, mbali na kazi za kompyuta. Siku aliyokuja kuaga alinipa mkono kwa heshima, nami niliupokea.

Mwaka 2017 nilikuwa nikisafisha kabati lile. Nilitoa kadi moja, nikaichomeka katika kompyuta yangu ya mkononi, nikiwa na toleo jipya la Linux, bila kutarajia lolote. Iliwaka. Katika miaka ile minne kuna watu walioandika draiva ya chipu ile, na namba yake ilikuwa imeingizwa katika orodha. Kadi haikuwa mbovu hata siku moja. Mfumo haukuwa mbovu. Fundi hakuwa mjinga. Kilichokosekana mwaka 2013 kilikuwa mstari mmoja katika orodha, na dakika 5 za mimi kuigeuza kadi na kusoma nyuma yake.

Ndugu wanafunzi wa zamani, wale tuliosoma Fizikia hapa tunamkumbuka mwalimu wetu. Kabla ya jaribio lolote alitutaka tuandike juu ya karatasi namba iliyokwaruzwa kwenye kila ammita. Tulimcheka kwa siri. Yeye alisema ammita mbili za kiwanda kimoja hazisomi sawa, na asiyeandika namba ya kifaa chake hana haki ya kulalamikia jibu lake. Nilipata maksi nzuri katika somo lake. Nilipofika ofisini nikayasahau yote.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba mfumo huria hauna makosa yake. Unayo, na haifai tuuchangie mfuko huu huku tukiamini hadithi. Nitataja mawili.

La kwanza ni la mwaka 2008. Toleo la majaribio la Linux, 2.6.27, liliharibu kumbukumbu ya ndani ya baadhi ya kadi za Intel, kadi zenye sifa njema kabisa, zikawa hazifai. Wengi walidhani draiva ndiyo yenye kosa. Uchunguzi ulionesha kuwa kosa lilikuwa sehemu nyingine kabisa ya kiini cha mfumo, chombo cha kufuatilia mwenendo wa programu, kilichokuwa kikiandika mahali pasipo pake. Kwa kuwa maandishi yote yalikuwa wazi, watu wa kampuni mbalimbali waliyasoma pamoja, wakaweka kinga upesi na kisha chanzo kikajulikana. Funzo lake kwetu ni kwamba vitu vya majaribio tusivilete shuleni. Tutumie toleo lililokwisha kutulia.

La pili litatuhusu moja kwa moja. Kadi nyingi za redio zahitaji, zaidi ya draiva, programu nyingine ndogo ambayo hupakiwa ndani ya chipu yenyewe kila inapowashwa. Mafundi huiita femuwea. Mara nyingi hii si huria. Kampuni huruhusu igawiwe, lakini maandishi yake haiyatoi. Kwa sababu hiyo baadhi ya wagawaji wa Linux, Debian wakiwamo, kwa miaka mingi hawakuiweka katika diski yao ya kusimika. Mtu akajikuta kadi yake imetambuliwa, ila inadai femuwea. Femuwea iko kwenye intaneti. Na intaneti hana, kwa sababu kadi haijaamka. Ni sawa na ufunguo kufungiwa ndani ya nyumba. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kubadili utaratibu huo, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, diski ya kusimika inakuja na femuwea hizo. Fundi wetu akitumia diski ya kale aliyopewa na rafiki, ataukuta mlango umefungwa, kisha atasema kadi ni mbovu.

Basi, ni nini naomba tukifanye? Nimeandika mambo manne, na nitamkabidhi Katibu karatasi.

Kwanza, kabla ya kuzipokea kompyuta 30, tuziulize namba. Kwenye Linux anayejaribu ataandika lspci, aache nafasi, kisha -nn, na orodha yote itatokea. Kwa vifaa vya kuchomeka ataandika lsusb. Kama kompyuta ingali na Windows, afungue orodha ya vifaa, atazame sifa za kadi, na humo ataona herufi VEN na DEV, au VID na PID, zikifuatiwa na namba hizo hizo. Tuziandike daftarini, kompyuta moja mstari mmoja.

Pili, tuzijaribu bila kuzigusa diski zake. Linux yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi, ikafanya kazi yote, ikazimwa bila kuacha alama. Flashi moja na siku moja ya Jumamosi zatosha. Tena tusijaribu moja tukasema tumejaribu zote. Mimi nilijaribu moja.

Tatu, pale penye uwezekano, tupitishe waya. Kompyuta za maofisini kwa kawaida zina kadi ya waya ndani yake tayari, na kadi hizo mara nyingi ni za Intel au Realtek, ambazo Linux huzijua vizuri. Waya waweza kupita juu ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki bila kutoboa jiwe. Huenda tukagundua kuwa kati ya kadi 30 tunazotaka kununua, nyingi hazihitajiki. Hilo peke yake ni nafuu kwa mfuko.

Nne, zile kadi zitakazobaki kununuliwa, oda isitaje jina pekee. Itaje toleo na namba ya chipu, na itamke kwamba kadi isiyokuwa na namba hiyo itarudishwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Asiyetaka kuiandika namba katika hati, tumshukuru na tuendelee na duka la pili, maana huyo anataka kutuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ningependa kazi ya kwanza na ya pili ifanywe na wanafunzi wenyewe, hawa waliokaa nyuma, chini ya mwalimu wao. Kijana atakayeandika namba 30 kwa mkono wake, akaona ipi inaamka na ipi hailali wala haiamki, atakuwa amejifunza jambo ambalo sikulijua nikiwa na digrii. Na akikuta chipu isiyo na mkalimani, ajue kwamba draiva zile ziliandikwa na watu, wengine wao wakiwa wanafunzi kama yeye, na maandishi yake yako wazi ayasome.

Nimalizie na yule fundi. Nilimtafuta mwaka ule wa 2017, nikampata kwa simu. Nilimweleza kadi imewaka. Alicheka. Nikamwomba radhi kwa ripoti niliyoiandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, mimi nilikwisha kusamehe zamani. Lakini ile ripoti si bado iko kwenye faili?"

Ilikuwa bado iko kwenye faili. Msamaha wa simu haufuti folio. Wiki ile niliandika dokezo la ukurasa mmoja, nikaeleza jinsi ilivyokuwa: nani alitahadharisha, nani alipuuza, na kwa nini kadi hazikufanya kazi. Nilimpelekea mkuu wa ofisi, nikaomba liwekwe juu ya ripoti yangu na nakala iende kwenye faili la yule kijana. Niliitwa nikajieleza, na sikufurahia. Yeye hajarudi kwenye kazi za kompyuta hadi leo; ana maisha yake mengine, nami siwezi kumrudishia miaka ile minne. Lakini yeyote atakayelifungua faili lake sasa atakuta ukweli umetangulia.

Nilipopata barua ya Kamati nilimpigia tena, nikamwambia nitaisimulia habari hii shuleni kwangu bila kutaja jina lake. Alikubali kwa sharti moja: nihakikishe kwamba namba zinasomwa. Ndugu Mwenyekiti, nakuomba, kabla kura haijapigwa alasiri hii, kipengele cha nne kiingizwe katika azimio.